Hirizi ya Kunusa Kamera

Jumanne, 8 Septemba

Faini ya pili! Aliasgar amenipigia kutoka Nairobi kabla sijavua hata viatu. Hakuna salamu, hakuna "Mama umeshindaje". Eti, "Mama, sabini na nne. Penye hamsini." Nikajifanya sielewi. Akanisomea ujumbe wote neno kwa neno — namba ya gari, mahali, saa. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kweli, saa hiyo nilikuwa papo hapo, njia ya Kilifi, sufuria la supu nimelifunga kwa leso kwenye kiti cha nyuma.

Balaa ni hili: gari ni langu, lakini kwenye karatasi ni lake. Badruddin alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi, sitoki, sionekani. Aliasgar ndiye aliyezunguka na mafaili. Akaiandikisha Vitz ya babake kwa jina lake. "Kwa urahisi, Mama." Urahisi gani huo! Sasa kamera ikinipiga picha mimi, simu inayolia ni yake.

Amesema neno ambalo sikulipenda. Ya tatu ikija, gari linauzwa. Na huyu hatanii. Aliasgar hajatania tangu darasa la pili.

Likiuzwa, Zoya je? Binti yangu yuko Kilifi kitandani, mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Safari hii daktari kamkataza hata kusimama jikoni. Mumewe, Kashif, yuko dukani kutwa. Mimi ndiye ninayekwenda Jumanne na Ijumaa — supu, khichri, kumuosha nywele, kumchekesha. Sasa ni wiki ya thelathini na tatu. Daktari anataka tufike thelathini na saba. Na siku yake ikifika nataka nifike mwenyewe, kwa mguu wangu juu ya mafuta. Sitaki kukaa dirishani nikingoja nani atanichukua. Nimekaa dirishani miaka thelathini na mbili.

Naandika Kiswahili makusudi. Wifi yangu Marziya tunaishi naye nyumba moja, na kila karatasi yenye Kigujarati humu ndani anaisoma, hata risiti. Alikulia Surat, huko Uhindi, kwa bibi yake. Kiswahili chake kinaishia kwenye vitunguu na nyanya.

Jumatano, 9 Septemba

Sikulala vizuri. Nimefikiria sana kwa nini naendesha mbio. Si haraka ya kufika. Nisiongope. Ni raha tu! Leseni ninayo tangu usichana, lakini Badruddin, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "We keti, mimi nipo." Nikaketi. Sasa ukipita Mtwapa barabara ikanyooka, mkonge huku na huku, mguu wangu unajisahau. Mwanamke wa miaka sitini na moja! Astaghfirullah.

Dzoro alikuja na tuktuk yake kuniletea mafuta ya nazi. Alifanya kazi kwenye duka letu la nyuzi na vifungo miaka ishirini na sita, kwa hiyo namweleza kila kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema dawa ya kamera ni mguu tu, Mama, hakuna nyingine. Na haraka haraka —

Nikamwambia akimalizia hiyo methali simpi chai. Wiki hii nimeambiwa na watu wanne.

Ndipo akasema kuna vidude. Madereva wa masafa marefu wanavyo. Unakibandika kiooni, kinakuambia kamera iko mbele. Vinaitwa ditekta. Yeye mwenyewe haviamini. Lakini maduka anayajua, yako upande wa Mwembe Tayari.

Kesho nakwenda.

Alhamisi, 10 Septemba

Wanaume! Nimeingia duka la kwanza, kijana hakuniangalia hata. Duka la pili nikaulizwa, "Mzee yuko wapi, Mama?" Nikamwambia yuko makaburini, nenda kamuulize kama anataka ditekta. Nikatoka.

La tatu ni la Sheikhan. Huyu ana adabu. Alinipa kiti, akaniamkia vizuri, akaniuliza naendesha gari gani na njia ipi. Hapo ndipo nilipojua ni mfanyabiashara. Akatoa tatu akazipanga juu ya kabati la kioo.

Moja kubwa, nyeusi, ina mpira wa kunyonya kioo. Inanusa mawimbi ya rada tu. Chochote chenye mawimbi kikiwa karibu, inapiga kelele.

Ya pili imefichwa ndani ya kioo cha kuangalia nyuma. Nzuri sana kwa macho! Akaiwasha. Ikasema na sisi kwa Kirusi. Sheikhan akabonyeza huku, akabonyeza kule, ikazidi Kirusi. Ramani iliyomo ndani ni ya huko huko. Yaani nikifika Kikambala itanionya kuhusu kamera ya Moscow.

Ya tatu ndogo, kama kisanduku cha kiberiti. Nikaidharau. Nikasema hiki kitoto kitasikia nini?

Nimechukua kubwa kwa kujaribu siku mbili. Nikamuuliza na sheria inasemaje. Akakuna kichwa — eti yeye hajaona mtu kushikwa. Hilo si jibu. Nitauliza wengine.

Jumamosi, 12 Septemba

Kubwa jinga! Limenitia aibu kisiwa kizima.

Limelia kwenye mlango wa supamaketi, ule unaojifungua wenyewe. Limelia darajani Nyali kwa sababu ya gari jeupe la kifahari lililokuwa nyuma yangu — Sheikhan anasema magari mapya yana macho ya mawimbi. Limelia nje ya benki. Mpaka nafika mahali penye kamera ya kweli, tayari nilikuwa nimeshachoka kusikiliza. Kitu kinacholia kwa kila kitu ni sawa na kilichonyamaza.

Na ukubwa wake! Kioo cha Vitz chenyewe ni kama sahani. Karibu na Marikiti sikumwona mchukuzi na mkokoteni wake wa mananasi, alikuwa amefichwa nyuma ya hilo jidude. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Nanasi moja likaanguka juu ya boneti. Akaja dirishani, jina lake Kalama, nimemuuliza. Akaniambia kwa upole, upole uliouma kuliko matusi: "Mama, umeweka televisheni?"

Nilinunua lile nanasi na mengine matatu. Ningemgonga mtu kwa kuogopa kamera! Kamera ingenipa faini tu.

Linarudi dukani.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimekaa kwa Sheikhan saa mbili nzima. Safari hii nilikwenda na maswali yangu nimeyaandika nyuma ya bahasha.

Kidogo kile. Nimekitukana bure, maskini. Hakinusi tu, kinaongea na setilaiti pia, kwa hiyo kinajua kiko wapi. Ramani yake unaitia kwa simu, na Jared, fundi anayekaa pembeni mwa duka, ndiye anayezipitia njia za huku kwetu na kuzirekebisha. Alinionyesha kwa simu yake: Mtwapa, Vipingo, mpaka daraja la Kilifi. Mjini unakizima pua, kinabaki na ramani tu, kwa hiyo milango ya supamaketi hakijali. Unakichaji usiku kama simu, hakina waya wa kuning'inia.

Nikauliza na polisi akijificha kichakani na ile bunduki yao ya mkononi? Jared akasema, Mama, hapo hakuna kidude kitakachokuokoa, hata kiwe cha dhahabu. Nimempenda kwa kusema kweli.

Lakini kilichonifanya nikichukue ni hiki. Kikifika kwenye kamera na wewe uko ndani ya mwendo uliowekwa, kinanyamaza. Kimya kabisa. Kinalia ukizidisha tu. Nikamwambia Sheikhan arudie. Akarudia. Basi nikasema, hii si hila, hii ni adabu. Ni kama mtu amekaa kiti cha pembeni, hasemi ovyo, anakugusa begani tu unapokosea.

Habari ya sheria nimeshawauliza watu watano sasa. Majibu matano.

Nyumbani Marziya alikigeuza geuza, akakinusa, akauliza kinapikwaje. Nilipomweleza akakipa jina. Jasusi.

Jumanne, 15 Septemba

Nimekwenda Kilifi na kurudi. Kililia mara tatu. Mara tatu nikapunguza.

Ile ya pili — mahali pale pale pa sabini na nne. Nikashuka mpaka arobaini na nane. Na unajua kuna nini pale? Shule! Shule ya msingi, ukuta wa bluu, mama anauza mihogo ya kukaanga getini, watoto wanavuka wameshikana sweta. Miezi sita napita hapo mara nne kwa wiki. Sijawahi kuiona. Wallahi sijawahi.

Nimeona haya sana. Sikumweleza mtu.

Zoya anaendelea vizuri. Miguu imevimba kidogo. Anaogopa kuhesabu siku, kwa hiyo namhesabia mimi, kimoyomoyo.

Alhamisi, 17 Septemba

Nimefanya ujinga. Nilikuwa na raha, nikamuuliza Aliasgar kwenye simu, juu juu tu: hivi ditekta unazionaje? Alipandisha sauti mpaka Marziya akaja kutoka jikoni. Eti huo ni ulaghai. Eti ni kuidanganya serikali mchana kweupe, na jina kwenye gari ni la nani? Lake! Akikuta dude kama hilo ndani ya Vitz hatangoja ya tatu. Anauza siku hiyo hiyo.

Nikasema nauliza tu.

Nilikata simu, nikakaa. Kwani nikitoe? Tangu Jumatatu sijapita kamera hata moja nikiwa nimezidisha. Hicho kidude kimenifanyia kazi ambayo methali zote za mji huu zimeshindwa. Na nisipokuwa nacho najijua — mkonge ule, barabara ile.

Marziya alinisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kwenye kabati, akatoa vipande vilivyobaki vya vazi lake la rida, la kijani, lile la harusi ya Zoya, na kipande cha lesi. Akashona. Saa moja tu. Kimfuko kizuri, lesi pembeni, kamba ya hariri juu. Akamtia jasusi ndani, akafunga kwa mishono mitano.

"Hirizi," akasema. Kwa Kiswahili!

Nilicheka mpaka machozi. Gari gani la mji huu halina kitu kinachoning'inia kiooni? Nani ataiuliza?

Lakini moyoni kuna kitu kinaniwasha. Mwanangu namficha.

Ijumaa, 18 Septemba

Hirizi inafanya kazi ndani ya kitambaa. Taa yake nyekundu inapenya kwenye lesi, inapendeza hata. Sauti inasikika vizuri. Dzoro ameiona. Amenitazama, ameitazama, akasema, "Mama Aliasgar, mimi sijaona kitu."

Ijumaa, 25 Septemba

Wiki ya thelathini na tano. Mashallah.

Zoya aliniuliza leo kama nitakuwepo. Aliuliza akiwa ametazama ukuta. Zile mbili za kwanza nilichelewa. Ya kwanza Badruddin alikuwa Bandarini, nikamngoja anichukue. Ya pili nilikuwa edani. Mtoto wangu alilia na manesi.

Nikamwambia nitakuwepo. Nikaapa. Sasa nimeshaapa.

Alhamisi, 1 Oktoba

Aliasgar yuwaja! Kesho jioni kwa treni, anarudi Jumapili mchana. Anataka kumwona dadake. Na "kukagua gari". Maneno yake hayo, kukagua gari.

Marziya anasema tuitoe hirizi. Mimi nasema tukiitoa mimi ndiye nitakayeendesha bila mlinzi, na yeye yuko pembeni anahesabu. Tumebishana mpaka ubani ukaisha. Imebaki.

Jumamosi, 3 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi alikagua. Tairi, mafuta, breki, hata wiper. Akaiona hirizi. Mimi roho juu. Akaishika kwa vidole viwili, akavibusu vidole vyake. Akamwambia Marziya kwa Kigujarati, "Shangazi, hii ndiyo kinga. Si yale madude ya ulaghai." Marziya akapatwa na kikohozi.

Kisha akasema, "Mama, lete ufunguo. Leo nitakuonyesha gari linavyoendeshwa."

Nikampa. Nikakaa kushoto, Marziya nyuma na sufuria mapajani. Mpaka Mtwapa alikwenda kwa adabu, ameshika usukani mikono miwili, ananieleza habari ya subira. Kwamba dereva mzuri hafuati moyo. Kwamba Baba hakuwahi kupata faini hata moja. (Baba alikuwa haendi mbali kuliko Nyali!) Tukatoka Mtwapa. Barabara ikanyooka. Anaongea, anaongea, na kadiri anavyoongea ule mshale unapanda. Sitini na tano. Sabini na mbili.

Mguu ni wangu ule. Nimeujua. Hakuupata kwa babake.

Tukakaribia shule ya ukuta wa bluu. Hirizi ikalia. Tii-tii. Tii-tii.

"Nini hiyo?"

"Punguza, mwanangu."

"Simu yako, Mama?"

"Punguza."

Akacheka! Mara ya kwanza kumwona anacheka tangu mazishi. "Wewe Mama? Wewe wa kuniambia mimi nipunguze?"

Taa nyekundu inawaka ndani ya lesi. Ningesema neno moja tu. Kamera. Neno moja! Lakini nikilisema ataniuliza nimejuaje, na hapo jasusi anatoka, na gari limekwenda. Nikasema "punguza" mara ya tatu, kwa sauti, na Marziya nyuma akasema kwa lugha yake. Hakupunguza. Themanini na moja. Nguzo ile, kamera juu yake, tukapita. Jumamosi, alhamdulillah, getini hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Nitasema ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Kwanza nilifurahi. Ndiyo. Furaha ya kishetani, kifuani hapa. Mkuki kwa nguruwe! Nikageuka dirishani nisionekane.

Halafu ikanipiga: ya tatu ni ya tatu. Ujumbe hausemi nani alishika usukani. Unasema gari. Yeye atausoma, ataona ya tatu, na gari litauzwa — na nilikuwa nimekaa pale pale, nikijua, nikaifumba midomo.

Zoya alifurahi sana kumwona kakake. Walikula sinia moja, akamlisha muhogo. Mimi sikumeza kitu. Kashif akaniuliza, Mama, waumwa? Nikasema joto.

Kurudi aliendesha yeye tena. Kwa hamsini.

Jumapili, 4 Oktoba

Wiki ya thelathini na saba! Tumefika. Niliamka na hilo kichwani kabla ya kufungua macho, nikasema alhamdulillah hapo hapo kitandani.

Halafu nikakumbuka lile jingine.

Ujumbe umeingia saa mbili, tukinywa chai. Tii, kwenye simu yake, kando ya sahani ya mkate. Akausoma. Akaigeuza simu kifudifudi.

"Nani?" nikauliza.

"Benki."

Jumapili! Benki ipi hiyo inayofanya kazi Jumapili? Masikio yake yamekuwa mekundu, kama siku ile alipovunja jagi la bibi yake akasema ni paka. Hatukuwahi kuwa na paka. Akamaliza chai yote bila kutia sukari, akasema anashuka kuangalia tairi.

Ni nusu saa sasa. Niko mezani karibu na dirisha, naandika ili mikono iwe na kazi. Namwona. Hayuko kwenye tairi. Amekaa ndani ya gari, kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje barabarani. Anaitazama hirizi. Ameishika. Anaiminya.

Anafungua mishono.

Marziya ameona pia. Amesema "hai hai" na kukimbilia jikoni.

Yuwaja juu. Nasikia ngazi. Nitamwambia yote, potelea mbali. Nitamwambia mimi ndiye niliyenyamaza, na —

Amekaa mbele yangu. Sasa hivi, upande wa pili wa meza. Mkono mmoja kimfuko kilichofunguliwa, mkono mwingine ufunguo. Jasusi amemweka katikati. Mimi naendelea kuandika, nimeinamisha kichwa, siwezi kumwangalia usoni.

Ameniuliza, hiki ndicho kilichokuwa kinalia jana?

Nikasema ndicho. Nikasema nilijua kamera iko pale, nikaogopa kukwambia. Nisamehe.

Punda wa maji amepita chini, kengele zake, mpaka zimeisha.

Ameniuliza kimewahi kulia nikiendesha mimi. Nikamwambia mwanzoni kililia sana. Siku hizi hakilii. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu kinanyamaza ukiwa sawa.

Halafu amesema — sauti yake ndogo, sauti ya yule mtoto wa darasa la pili — "Mama, picha inaonyesha namba ya gari tu. Haionyeshi uso. Nusu saa nimekaa pale chini nawaza nikwambie ni ya kwako. Ya juzi Ijumaa. Usingejua."

Nimemwangalia sasa. Macho yamemjaa machozi.

"Uliniambia nipunguze mara tatu," amesema.

Ameniuliza naandika nini. Nimesema orodha ya Marikiti.

Simu yake inalia. Jina la Kashif, naliona kutoka hapa. Anapokea. Anasimama. Lini? Lini? Saa ngapi yamevunjika? Haya. Haya, mpelekeni, tuko njiani.

Maji. Zoya, maji yamevunjika! Thelathini na saba! Ya Ali!

Ufunguo ameusukuma mpaka upande wangu wa meza. "Endesha wewe," amesema. "Mimi mguu huu siuamini." Akamchukua jasusi na kimfuko chake, akashuka ngazi mbili mbili.

Marziya anatafuta miwani, na rida, na supu, eti hatoki bila supu. Basi dakika moja hii ni ya kuandika, nisije nikasahau: niko dirishani nimesimama, ufunguo mkononi, simngoji mtu. Aliasgar yuko ndani ya gari. Anamrudisha jasusi ndani ya kitambaa, anakifunga kiooni, fundo la kwanza, fundo la pili, anavuta kuona kama limeshika. Sasa amekaa. Amekaa kiti cha kushoto, amefunga mkanda, anatazama juu dirishani.

Nakuja, nakuja! Marziya, acha kijiko!